Mbona Wanakula Kwanza?

Kuna swali ambalo watu hawachoki kuuliza. Utalisikia kwa dereva wa bodaboda, kwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mzee anayeuza magazeti nje ya hoteli: "Wale watu wa Rotary, wenye beji ya gurudumu kifuani, kila wiki wanakutana humu ndani, wanagonga kengele, wanakula, wanapiga picha. Hivi hasa kazi yao ni nini?" Wengine huongeza swali la pili kwa sauti ya chini: "Au ndio hao Freemason?"

Yote mawili ni maswali ya haki. Mtu ambaye dada zake bado wanachota maji kwenye bwawa la ng'ombe ana haki ya kuuliza kwa nini fedha ya wali na kuku isiende moja kwa moja kwenye kisima. Jibu nitakalolitetea katika sura hii ni kwamba klabu iliyoacha kukutana na kula pamoja huacha pia kuchimba visima, na hata vile ilivyochimba havidumu. Undugu wa mezani ndio unaoibeba kazi nzima.

Klabu ya huduma ni nini?

Tuanze na maana. Klabu ya huduma ni kikundi cha watu wa kazi mbalimbali wanaokutana kwa ratiba maalumu na kuchanga fedha, muda na ujuzi kwa faida ya watu ambao si wanachama. Sehemu ya mwisho ndiyo ya kuzingatia. Kwenye kikoba, upatu au chama, unachoweka ni chako, na siku yako ikifika kitarudi. Kwenye kikundi cha kufa na kuzikana unatoa leo kwa msiba wa mwenzako ukijua kesho wa kwako utabebwa. Klabu ya huduma haikuahidi lolote la namna hiyo: mtoto atakayekunywa maji ya kisima chako hakujui, na pengine hatakujua maisha yake yote.

Klabu za aina hii ni nyingi. Mbili zinazojulikana zaidi kwetu ni Rotary na Lions, na zote mbili zilizaliwa Chicago, Marekani: Rotary mwaka 1905, Lions mwaka 1917. Hapa nitazungumzia zaidi Rotary, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa sana.

Ilianza na mtu mpweke

Paul Harris alikuwa mwanasheria. Alilelewa na babu na bibi yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, mahali ambapo kila mtu alimjua mwenzake. Alipohamia Chicago alipata wateja, lakini hakupata watu. Jumapili zilikuwa ngumu kwake: ofisi zimefungwa, mji umejaa, naye hana pa kubisha hodi. Yeyote aliyetoka Songea au Kisii akaenda kuanza maisha Dar es Salaam au Nairobi anaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Jioni ya tarehe 23 Februari 1905, Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao, chumba namba 711: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Wakakubaliana kukutana tena, kila mara kwenye ofisi ya mwingine, kwa zamu. Kule kuzunguka ndiko kulikoipa klabu jina lake. Hawakuwa na mradi wowote. Walitaka urafiki, na kwa kweli walitaka pia kupelekeana wateja.

Huduma ilikuja baadaye. Mwaka 1907, klabu ikiwa na miaka miwili, wanachama wake walianza kuushinikiza mji wa Chicago ujenge vyoo vya umma. Vyoo! Naupenda sana mwanzo huo, kwa sababu hauna fahari yoyote. Watu waliokwisha kuaminiana walitazama mtaani, wakaona akina mama na wachuuzi hawana pa kujisaidia, wakasema hili tunaliweza.

Wanaosema kwamba mpangilio huu ni mgeni kwetu wanasahau beni. Mwanzoni mwa karne iliyopita, miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni. Marini na Arinoti ndivyo vilivyovuma zaidi. Vilikuwa na vyeo, sare, viongozi wa kike na wa kiume, na michango. Usiku walishindana kwa ngoma, lakini mwanachama akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa na wenzake. Watu waliocheza pamoja walisaidiana kwa sababu walikuwa wamecheza pamoja.

Rotary iliingia Afrika Mashariki kupitia Nairobi mwaka 1930, ikafika Dar es Salaam mwaka 1949 na Kampala mwaka 1957. Lazima lisemwe wazi kwamba Nairobi ya mwaka 1930 ilikuwa mji wa kikoloni uliogawanywa kwa rangi, na meza ya klabu haikuwa ya kila mtu. Picha ya "klabu ya wakubwa" ilianzia huko, na haijafutika yote.

Ndani ya chumba cha mkutano

Ukikaribishwa kama mgeni, utaona mambo haya. Mlangoni kuna meza ndogo yenye beji za majina, na mtu wa kukupokea. Rais wa klabu anagonga kengele kwa nyundo ya mbao, watu wanasimama. Dua fupi inasomwa, yenye maneno ambayo Muislamu, Mkristo na Mhindu wanaweza kuitikia amina kwa pamoja. Wimbo wa taifa unaimbwa. Kisha wageni wanatambulishwa mmoja mmoja, na kama yupo mwanachama aliyetoka klabu nyingine, tuseme Kampala au Kisumu, anaitwa mbele wabadilishane vibendera vya klabu zao. Ndiyo maana kwenye kumbi nyingi utaona vibendera vimetundikwa mstari mrefu ukutani.

Sahani zinapojaa, sauti hupanda. Hapa ndipo mtu mwenye macho hujifunza. Meza moja wanamuuliza mwenzao matokeo ya vipimo vya mama yake. Meza nyingine mhasibu anamweleza daktari kwa nini hesabu za zahanati yake hazitaki kukaa sawa. Kijana aliyefungua duka la vifaa vya umeme jana amekaa na mzee aliyefunga la kwake baada ya miaka mingi, na mzee anamtajia makosa ya kuepuka bila kudai shilingi.

Halafu anasimama mtunza nidhamu, mtu mwenye kazi ya kutoza faini. Umechelewa: lipa. Simu yako imelia: lipa. Picha yako imetoka gazetini na hukuwaambia wenzako: lipa mara mbili. Mtu aliyepata mjukuu hulipa kwa hiari, kwa furaha tu, akielezea uzito wa mtoto na jina alilopewa. Bakuli linazunguka, kicheko kinajaa chumba, na noti zile zinakwenda kwenye mfuko wa miradi. Baadaye anazungumza mgeni rasmi wa wiki: labda daktari wa figo, labda mtaalamu wa kodi, labda mama anayelea yatima. Maswali, shukrani, kengele. Saa moja, au moja na nusu, imekwisha.

Uongozi hubadilika kila mwaka. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na rais hukaa mwaka mmoja. Mtu mwenye magari matano leo ni rais, mwakani anapanga viti. Kwa nchi zetu, ambako mwenyekiti wa kikundi cha watu kumi anaweza kung'ang'ania kiti mpaka kikundi kife, utaratibu huu peke yake una thamani ya kuigwa.

Je, ni Freemason?

La. Rotary haina kiapo cha siri, haina ngazi za kupandishwa gizani, na mgeni hualikwa mkutanoni waziwazi. Dini ya mtu haiguswi, na siasa za vyama haziruhusiwi kuiteka klabu. Gurudumu linalowatia watu wasiwasi ni gurudumu la mashine, lenye meno 24 na mikono sita. Mchoro wa awali haukuwa na ule mkato mdogo katikati. Wanachama wahandisi wakapinga: gurudumu lisilo na mkato wa kushikia chuma linazunguka bure, halifanyi kazi. Mkato ukaongezwa katika miaka ya 1920, na mpaka leo upo kwenye beji.

Hofu hii si ya Waafrika peke yao. Nchini Ujerumani, chini ya utawala wa Hitler, klabu za Rotary zilivunjwa mwaka 1937. Mwaka 1951 Vatican iliwakataza mapadri kujiunga, ingawa msimamo wa Kanisa ulilegea katika miaka iliyofuata. Kikundi chochote cha watu wenye nafasi kinachokutana mara kwa mara hushukiwa, na dawa yake ni mlango ulio wazi. Klabu inayoficha mahesabu yake haina haki ya kulalamika ikisingiziwa.

Kwa ufupi mpaka hapa: klabu ya huduma huhudumia wasio wanachama, ilianza kwa urafiki, huduma ikafuata, mikutano yake ni ya wazi, na kila mwaka uongozi hupokezanwa.

Mlo unavyozaa kisima

Tufike kwenye fedha. Klabu zinazojiheshimu zina akaunti mbili. Ya kwanza ni ya uendeshaji: ada za wanachama, gharama za ukumbi, chakula. Ya pili ni ya miradi: faini, michango, mapato ya matembezi ya hisani na mbio kama zile za Rotary zinazofanyika Dar es Salaam Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba. Wali unaoliwa mezani umelipiwa na anayeula. Fedha ya kisima haipiti jikoni.

Kwa miradi mikubwa upo Mfuko wa Rotary, ambao mchango wake wa kwanza, mwaka 1917, ulikuwa dola 26 na senti 50. Leo mfuko huo hutoa ruzuku kwa miradi yenye bajeti isiyopungua dola 30,000, kwa sharti kwamba klabu za nchi mbili tofauti zishirikiane, na kwamba wenye shida waulizwe kwanza wanataka nini. Klabu ya Moshi, kwa mfano, ikitafuta mwenzi Ujerumani, lazima ioneshe kwamba imekaa na wanakijiji kabla ya kuandika bajeti. Sharti hili limeokoa miradi mingi. Tunazijua zahanati zilizojengwa mahali ambapo watu walitaka barabara.

Sasa chukua kisima chenyewe. Pampu ya mkono iliyoenea vijijini kwetu, Afridev, ilibuniwa kwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuitengeneza kwa spana moja. Kinachoisha mara kwa mara ni mipira ya ndani na bering, vitu vidogo vya bei nafuu. Hata hivyo pampu ngapi umeziona zimesimama na kutu, mkono juu, kwa sababu ya mpira mmoja? Mara nyingi tatizo ni kwamba aliyetoa kisima alikata utepe, akapanda gari, na hakuna anayejua amwite nani. Hakuna kamati ya maji, au kamati ipo lakini mweka hazina wake hajawahi kufundishwa kuandika daftari la mapato ya ndoo.

Hapa ndipo faida ya meza ile inapoonekana. Tangu mwanzo Rotary ilitaka klabu iwe na watu wa taaluma tofauti. Mhandisi wa maji anajua kina cha kuchimba. Mwenye duka la vifaa anajua mipira hiyo inauzwa wapi na kwa bei gani. Mhasibu anaweza kwenda Jumamosi mbili kuifundisha kamati daftari. Nesi anaona kwamba choo cha shule kiko karibu mno na kisima. Kila mmoja peke yake angetoa noti na kusahau. Kwa kuwa Alhamisi ijayo watakutana, mmoja atauliza, "Ile pampu vipi?" na mwenzake ataona haya kutokuwa na jibu.

Kuaminiana nako hujengwa hapo. Baada ya mwaka wa kukaa na mtu mezani unajua kama anatimiza ahadi. Unajua nani alisema ataleta risiti na hakuleta. Siku ya kumchagua mtu wa kushika milioni kumi za mradi, klabu haihitaji kuuliza mbali.

Rotary ina pia maswali manne ambayo wanachama hujipima nayo kabla ya kusema au kutenda, yaliyoandikwa na Herbert Taylor, mfanyabiashara wa Chicago, mwaka 1932, alipokuwa akijaribu kuokoa kampuni ya masufuria iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika. Kwa maneno yangu: je, jambo hili ni kweli, linamtendea haki kila mhusika, litaleta maelewano, na litawafaa wote? Kwenye zabuni ya kujenga darasa, swali la pili peke yake linatosha kumkosesha usingizi mwenye nia ya kumpa kazi shemeji yake.

Kazi iliyochukua miaka arobaini

Mfano mkubwa kuliko yote ni polio, ugonjwa unaopooza viungo, hasa vya watoto wadogo. Mwaka 1985 Rotary ilitangaza kwamba itasaidia kuwachanja watoto wa dunia nzima. Lengo lilikuwa kukusanya dola milioni 120. Kufikia mwaka 1988 zilipatikana dola milioni 247. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na washirika wake, Rotary wakiwemo, walianza kampeni ya kuufuta ugonjwa huo. Wakati ule polio ilikuwa ikipooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka. Tangu hapo wagonjwa wa kirusi cha asili wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Fedha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa miguu. Unakumbuka siku zile za chanjo: mchanjaji anapita nyumba kwa nyumba, begani amening'iniza kisanduku chenye barafu, anamwambia mtoto afungue mdomo, matone mawili, halafu kidole kidogo kinapakwa wino ili asichanjwe mara mbili, na mlango unaandikwa kwa chaki. Wanachama wa klabu walikuwa miongoni mwa waliobeba visanduku, waliotoa magari na mafuta, na waliokaa na masheikh na wachungaji kuwaondolea wazazi hofu.

Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio. Mwanzoni mwa mwaka 2022 kirusi kilichotokea Pakistan kikagunduliwa Malawi, baadaye Msumbiji, na Tanzania ikawa kati ya majirani waliorudi nyumba kwa nyumba na matone. Kazi ya namna hiyo haiwezi kubebwa na shauku ya siku moja. Wengi wa walioanza mwaka 1985 wamekwisha kufa. Imeendelea kwa sababu kila wiki, mahali fulani, bakuli lilizunguka na mtu akauliza imefikia wapi.

Lions nao wana kazi yao ya kudumu: macho. Mwaka 1925 Helen Keller, Mmarekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba wawatetee wasioona, na hawajaiacha kazi hiyo. Hospitali yao ya macho iliyopo Loresho, Nairobi, ni matunda yake. Nenda kwenye kambi ya macho ukaone bandeji ikitolewa asubuhi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: bibi anakodoa, anatafuta, kisha anamwita mjukuu wake kwa jina kabla mtoto hajasema neno.

Pale wanapokosea

Wanawake walifungiwa mlango muda mrefu mno. Klabu ya Duarte, California, ilifukuzwa mwaka 1978 kwa kosa la kupokea wanawake watatu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1987 iliamua kwamba klabu haziwezi kuwazuia. Mwaka 1989 kanuni ikabadilishwa kwa dunia nzima. Miaka themanini na minne ni aibu, na hakuna namna nzuri ya kuisema. Leo ni jambo la kawaida katika klabu za kwetu kumkuta mwanamke akigonga kengele.

Kosa lililobaki ni la gharama. Mlo wa hoteli kila wiki unamfungia nje mwalimu, fundi na muuguzi, watu haswa ambao klabu inawahitaji. Tangu mwaka 2016 klabu zimepewa uhuru wa kukutana mara mbili tu kwa mwezi na kuchagua namna ya kukutana. Zipo zinazokutana jioni kwa chai na maandazi, na vijana wa Rotaract, tawi lililoanza mwaka 1968, huweza kukutana hata darasani baada ya masomo. Chai inatosha kabisa. Kinachohitajika ni watu kukaa pamoja, na kuku si sharti. Na lipo kosa la picha: mradi wa madaftari hamsini wenye mabango matatu na hundi kubwa ya kadi humdhalilisha mtoto anayepokea.

Ukialikwa

Basi ukialikwa, nenda, usiogope gurudumu. Kaa karibu na mweka hazina, na kabla hujatoa ada uliza:

- Mradi wa miaka mitatu iliyopita uko katika hali gani leo, na nani aliutembelea mwisho?
- Akaunti ya miradi inakaguliwa na nani?
- Mwanachama akifiwa au akifilisika, klabu hufanya nini?
- Fundi au mwalimu wa shule ya msingi anaweza kumudu kuwa mwanachama hapa?

Wakijibu bila kubabaika, wape muda wako kabla ya fedha yako. Wakibabaika, au kama kwenu hakuna klabu, anzisheni. Kanuni ya Rotary kwa klabu mpya ni wanachama waanzilishi 20. Mtaa wako una nesi, fundi bomba, mwalimu, mwenye duka, mwendesha bodaboda na mstaafu wa benki. Waite kwa chai.